Fomu Nzuri Hupimwa Unapokosea

Mtu akijaza fomu ya mtandaoni bila kukosea chochote, hawezi kujua kama aliyeitengeneza ni fundi au mbabaishaji. Fomu zote mbili zitampokea, zitamshukuru na kumpa namba ya kumbukumbu. Tofauti hujitokeza siku anayoacha nafasi katikati ya namba ya simu, siku anayosahau kuambatisha cheti, siku mtandao unapoyumba akabonyeza kitufe cha kutuma mara mbili kwa wasiwasi. Ya mbabaishaji itamrudishia ukurasa mtupu na maneno mekundu kwamba kuna hitilafu. Ya fundi itamrudishia kila alichoandika, imwonyeshe mahali pamoja panapohitaji kurekebishwa, na imweleze kwa lugha ya kawaida afanye nini.

Kazi inayoleta tofauti hiyo haionekani kwenye kioo cha simu. Hufanyika kwenye seva, katika msimbo ambao mwombaji hatauona maisha yake yote. Haina umaarufu, vijana wanaoingia kwenye fani huipitia kama somo la wiki ya kwanza kisha wakakimbilia mambo makubwa. Lakini anayekaa nayo kwa utulivu hugundua kwamba ni ufundi kamili, wenye amri mbili zinazovutana: usiamini chochote kilicholetwa, na usipoteze chochote alichoandika mtu. Kuzitii zote mbili kwa wakati mmoja ndiyo kazi yenyewe.

Vifaa vya ufundi huu ni vya siku nyingi kwa umri wa intaneti. Kurasa za mwanzo alizobuni Tim Berners-Lee kule CERN zilikuwa za kusomwa. Msomaji aliweza kuandika neno la kutafuta, basi. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic, kilichotengenezwa NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, kikaanza kuonyesha fomu, na mwaka huohuo watu wa NCSA wakaweka utaratibu uitwao CGI, ambao kupitia huo seva hukabidhi yaliyojazwa kwa programu nyingine iyafanyie kazi. Novemba 1995 toleo la 2.0 la HTML, lugha ya kuandikia kurasa, likavirasimisha vipengele vyenyewe: input, select na textarea. Mwezi huo ukatoka pia waraka uliovifundisha vivinjari kupakia faili. Lebo za visanduku zikaja na HTML 4.0 mwishoni mwa 1997, na HTML5, iliyopitishwa rasmi mwaka 2014, ikaongeza visanduku maalumu vya tarehe, barua pepe na simu.

Upande wa seva nao ulizaliwa kwa ajili ya fomu. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alipowaachia watu zana zake za PHP mwaka 1995, kilichowavutia wengi ni urahisi wa kuchukua alichojaza msomaji na kukitumia ndani ya ukurasa. Toleo lililofuata liliitwa PHP/FI, na hizo herufi mbili za mwisho zilimaanisha kifasiri cha fomu. Fomu iliyoandikwa kwa kanuni za 1995 bado inafanya kazi kwenye simu iliyonunuliwa jana Kariakoo. Ni vitu vichache kwenye kompyuta vinavyoweza kusemwa hivyo.

Ili tuuone ufundi kwa karibu, tuchukue fomu moja ya kawaida: maombi ya kujiunga na chuo cha ufundi. Ina jina kamili, namba ya kitambulisho, simu, tarehe ya kuzaliwa, saa ya usaili, kisanduku cha kukubali kupokea SMS, nafasi ya kujieleza, na mahali pa kupakia picha ya cheti. Tuiweke picha kando kwanza. Mwombaji akibonyeza kitufe, kivinjari hakitumi ukurasa wala rangi zake. Kinatuma jozi za majina na thamani, zimefungwa katika mstari mmoja wa herufi: jina=Asha+Juma&simu=%2B255700000000. Nafasi kati ya majina imegeuzwa alama ya kujumlisha, na alama ya kujumlisha iliyo mwanzoni mwa namba ya simu imegeuzwa %2B ili zisichanganywe.

Katika mstari huo mfupi tayari kuna mtego. Kivinjari kikijaza chenyewe, mambo ni salama. Lakini mtu anayeunda kiungo kwa mkono, tuseme cha kumtumia mwombaji ili athibitishe namba yake, akibandika +255 kama ilivyo, seva itaisoma alama ile kama nafasi tupu. Namba itaingia kwenye hifadhidata ikianza na pengo, SMS haitafika, na hakuna atakayejua sababu. Fundi hutumia kazi ya kugeuza herufi iliyomo kwenye lugha anayoandikia, kila mara, hata pale ambapo jicho linamwambia hakuna haja.

Kisha kuna ukimya. Kisanduku kisichopewa jina ndani ya msimbo hakisafiri kabisa. Kilichozimwa hakisafiri, kilichofungwa kwa kusomwa tu kinasafiri. Na kisanduku cha tiki kisichotiwa tiki hakijibu hapana: hakijibu chochote. Mwombaji aliyekubali SMS mwezi uliopita akirudi leo akaondoa tiki na kutuma, seva haitaona badiliko lolote, kwa sababu haikuletewa neno juu ya jambo hilo. Msimbo wa kizembe husasisha vile vilivyoletwa tu, kwa hiyo ndiyo ya zamani inabaki palepale na SMS zinaendelea kumiminika. Mwenye simu anaona kadharauliwa. Hakuna aliyemdharau, ukimya wake haukutafsiriwa.

Dawa yake ni ndogo na ya kupendeza. Kabla ya kisanduku cha tiki, fundi huweka kisanduku kingine kilichofichwa, chenye jina lilelile na thamani ya sifuri. Tiki ikiwepo, zinatumwa thamani mbili na ya mwisho ndiyo inayoshika. Tiki isipokuwepo, sifuri inafika peke yake na kusema hapana kwa niaba ya mtu. Ruby on Rails hufanya hivyo yenyewe bila kuagizwa. Katika PHP fundi huandika kwa mkono wake. Mstari mmoja wa msimbo unatenganisha kukataa na kutoulizwa.

Amri ya kutoamini huanzia hapo pia. Ukiweka orodha ya kaunti 47 za Kenya ili mtu achague moja, ni rahisi kudhani kwamba hakuna anayeweza kutuma ya 48. Anaweza. Kivinjari chochote cha kompyuta kina zana za kubadilisha ukurasa, na yeyote anaweza kutunga mstari wa jozi bila hata kuifungua fomu. Hata alama inayolazimisha kisanduku kijazwe, au ile inayoweka kikomo cha herufi, ni msaada kwa mwombaji mwema ili asisumbuke kutuma na kurudishwa, si kufuli. Kwa hiyo kila kilichokaguliwa kwenye simu hukaguliwa upya kwenye seva, na kilichochaguliwa kwenye orodha hulinganishwa na orodha ileile iliyotumika kuchora ukurasa. Fundi mzuri huiweka orodha hiyo mahali pamoja, ili ikibadilika, mchoro na ukaguzi vibadilike pamoja.

Namba ya kitambulisho ndiyo inayowaumbua wengi. Kwa kuwa inaitwa namba, mwanafunzi huipa kisanduku cha namba na kuitengea safu ya namba kwenye hifadhidata. Sasa chukua namba ya NIDA ya Tanzania. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo karibu zote huanza na 19 au 20. Namba nzima kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 64, hata usipotenga nafasi ya alama ya kutoa, ni 18,446,744,073,709,551,615. Hiyo nayo ina tarakimu 20, lakini inaanza na 18. Maana yake ni kwamba kitambulisho cha Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1990 hakitoshi kwenye safu kubwa kabisa ya namba nzima ya kawaida. JavaScript hali yake ni ngumu zaidi: baada ya tarakimu 15 huweza kuanza kukadiria, na mikia ya vitambulisho hubadilika kimyakimya. Mtu aliyejaza sawasawa anaambiwa hayumo.

Fundi huuliza swali moja: je, kuna siku nitaijumlisha namba hii na nyingine? Kama hakuna, basi ni maandishi. Huihifadhi kama maandishi, huonyesha kisanduku cha maandishi, na huweka alama ya inputmode inayoleta kibodi ya tarakimu kwenye simu ili mwombaji asihangaike. Vistari ambavyo watu huviandika kati ya mafungu ya namba, hukubaliwa kisha vikaondolewa kwenye seva. Simu nayo hutendewa hivyohivyo. Mmoja ataandika 0700 000 000, mwingine +254 700 000 000, wa tatu 254700000000. Wote wamejibu sawasawa. Mbabaishaji huchagua mtindo mmoja na kuwafukuza wawili. Fundi huwapokea wote watatu, akaandika mtindo mmoja kwenye hifadhidata.

Tarehe ina ujanja wake. Kisanduku cha tarehe cha HTML5 humwonyesha mtu tarehe kwa mpangilio wa simu yake, lakini siku zote hutuma mwaka, mwezi, siku. Hilo ni jema. Tatizo ni seva inayopokea bila kukagua: PHP ikipewa 2001-06-31 igeuze kuwa tarehe, hailalamiki, inahesabu mbele na kukupa tarehe 1 Julai. Mtu kakosea kidole, na mashine imemzalia siku nyingine ya kuzaliwa. Fundi huthibitisha kwanza kwamba siku hiyo ipo kwenye kalenda. Na kwa siku ya kuzaliwa, ambayo kila mtu anaijua kichwani, mwongozo wa huduma za mtandaoni za serikali ya Uingereza hupendekeza visanduku vitatu vya kuandika siku, mwezi na mwaka, badala ya kumpitisha mzee wa miaka 70 kwenye kalenda inayorudi nyuma mwezi mmoja mmoja.

Saa ya usaili, kwa wasemaji wa Kiswahili, ni somo peke yake. Mwombaji anayetaka kuja saa tatu asubuhi ataandika 3:00, na seva itaelewa alfajiri mbichi. Kumfundisha mtu hesabu ya mashine kwenye fomu ya chuo ni kumpotezea muda. Kipengele cha select kina jibu tangu mwaka 1995, kwa sababu kinatenganisha kinachosomwa na kinachotumwa: mwombaji huona “Saa 3:00 asubuhi”, na kinachosafiri ni 09:00. Kila upande unapata lugha yake, na hakuna anayelazimika kukokotoa.

Tufike kwenye jina, kisanduku kinachoonekana rahisi kuliko vyote. Kwanza, fundi wa huku hawalazimishi watu wote kuwa na jina la ukoo. Wapo wenye majina mawili, matatu, na wapo wanaojulikana kwa moja. Kisanduku kimoja cha “Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho” humaliza ubishi. Pili, kuna ritifaa. Wang'ombe, Ng'ang'a na Nyong'o wamekuwa wakizisumbua fomu tangu siku ya kwanza, bila kosa lolote lao.

Tazama kinachotokea. Mwombaji kakosea namba ya simu, kwa hiyo seva inataka kumrudishia fomu ikiwa na jina lake ndani. Mbabaishaji ameandika msimbo unaobandika jina kati ya ritifaa mbili, na ukurasa unatoka hivi: value='Ng'ang'a'. Kivinjari kinasoma ritifaa ya kwanza kama mwanzo wa thamani na ya pili kama mwisho wake. Ndani ya kisanduku linabaki Ng, na mabaki yanaelea nje bila maana. Mtu anasahihisha simu, anatuma, na kuanzia siku hiyo chuo kinamwita Ng. Shimo hilohilo ndilo wanalolitumia wahalifu: jina likiweza kuvunja ukuta wa kisanduku kwa bahati mbaya, mwenye nia mbaya anaweza kuupenyezea msimbo wake kwa makusudi.

Kinga ipo, na ni ya kudumu: kila kinachorudishwa ukurasani hugeuzwa kwanza, herufi zenye maana kwa HTML zikawa alama zisizo na madhara. Lakini hata hapo fundi husoma maelezo mpaka mwisho. Hadi toleo la 8.1, lililotoka Novemba 2021, kazi ya PHP inayofanya usafi huo haikuigusa ritifaa mpaka uiagize. Aliyeitumia bila kuagiza alidhani amefunga mlango. Na katika hifadhidata, jina halibandikwi ndani ya amri. Hupelekwa kando, kama thamani, kwa amri iliyoandaliwa mapema. Kwa njia hiyo ritifaa inabaki sehemu ya jina na haiwezi kugeuka kuwa sehemu ya amri.

PHP iliwahi kujaribu kuwakinga watu wote kwa mkupuo. Iliongeza mkwaju wa nyuma mbele ya kila ritifaa iliyoingia, bila kujali ilikokuwa ikienda. Matokeo yake, majina yalihifadhiwa kama Ng\'ang\'a, na kila yalipohaririwa tena mikwaju ikaongezeka. Utaratibu huo uliondolewa kabisa mwaka 2012 katika toleo la 5.4. Mafundi walitoka na somo wanalolishika mpaka leo: hifadhi alichoandika mtu kama alivyokiandika, na ukisafishe pale kinapotoka, kwa kadiri ya mahali kinapokwenda. Siku hizi wanaongeza jambo moja. Simu nyingine hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda mtu anapoandika, na kwa hifadhidata hayo ni majina mawili tofauti. Kwa hiyo wakati wa kutafuta, zote mbili huhesabiwa kuwa moja.

Nafasi ya kujieleza, ile ya textarea, inawafaa wapenda mambo madogomadogo. Tuseme umeruhusu herufi 500. Kivinjari huhesabu kila mwisho wa mstari kuwa herufi moja. Kinapotuma, kanuni zinakitaka kiugeuze kila mwisho wa mstari kuwa herufi mbili. Mwombaji aliyetumia herufi 500 kamili, akakata mistari minane, anafika kwenye seva akiwa na 508, na anaambiwa amezidisha ilhali kioo chake kilimwonyesha kwamba yuko sawa. Kubishana na mashine hawezi. Atafuta sentensi nzuri bila sababu. Tena, kanuni za HTML huutupa mwisho wa mstari unaokuja mara tu baada ya kufunguliwa kwa textarea. Mtu aliyeanza maelezo yake kwa kuruka mstari, akirudishiwa fomu, mstari ule umepotea. Fundi hugeuza miisho ya mistari kabla ya kuhesabu, na huongeza mstari mmoja mtupu wa kafara pale mwanzo, utupwe huo badala ya ule wa mwombaji. Hakuna mtu atakayemshukuru kwa mstari huo. Anauweka tu.

Sasa tuirudie picha ya cheti. Fomu isipotajiwa kwamba inabeba faili, kivinjari kitatuma jina la faili tu, na seva itabaki na maneno “cheti.jpg” bila cheti. Hilo hugundulika mapema. Gumu zaidi ni ukubwa. PHP, kama haijaguswa, hupokea faili la hadi megabaiti 2, na mzigo mzima wa fomu hadi megabaiti 8. Picha ya simu ya leo huvuka kikomo cha kwanza kwa urahisi, na mbili tatu zikivuka cha pili, PHP hailiachi faili peke yake. Fomu nzima inafika mikono mitupu, bila jina, bila simu, bila chochote. Msimbo wa kizembe ukikuta visanduku vyote vitupu, unamwambia mtu aliyejaza kila kitu kwamba hakujaza kitu. Fundi hukagua uzito wa mzigo kabla ya kukagua yaliyomo, akatoa jibu la kweli: picha ni kubwa mno, na kiasi kinachoruhusiwa ni hiki.

Na picha ikiwa sawa lakini simu ina kosa? Kwa sababu za usalama, vivinjari havimruhusu mwenye tovuti kukijaza upya kisanduku cha faili. Ukirudisha fomu, kitakuwa kitupu. Mwombaji wa kijijini ametumia bando lake kupakia picha hiyo mara moja. Kumwambia aipakie tena kwa sababu ya tarakimu moja ya simu ni kumtoza faini. Kwa hiyo fundi hulihifadhi faili mahali pa muda mara tu linapofika salama, na kwenye fomu iliyorudi huandika: “Picha ya cheti tumeipokea. Pakia nyingine ukitaka kuibadilisha.” Ni katika sentensi kama hiyo ndipo ufundi huu unapofanana na karani hodari wa dirishani, yule anayekurudishia karatasi moja yenye kosa huku akizishikilia nyingine zote, na nafasi yako kwenye foleni pia.

Ujumbe wa kosa nao una adabu yake. Hukaa jirani na kisanduku husika, hufungamanishwa nacho ndani ya msimbo ili asiyeona asomewe na simu yake, na juu ya ukurasa huwekwa muhtasari wenye viungo vya kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye kila kosa. Hausemi “thamani batili”. Husema “Namba ya kitambulisho iwe na tarakimu 20, uliyoandika ina 19.” Makosa yote hutajwa kwa pamoja, si moja baada ya jingine kila anapotuma. Kitu kimoja tu hakirudishwi: nenosiri. Hilo mtu huliandika upya, na fundi humweleza kabla hajashangaa.

Kimebaki kitufe chenyewe. Kubonyeza mara mbili si ujinga; mtandao ukikwama kwa sekunde kumi, kila mmoja wetu hubonyeza tena. Ndiyo maana baada ya kuhifadhi maombi seva haionyeshi ukurasa wa shukrani palepale. Humwelekeza mtu kwenye anwani nyingine, ya kusoma tu, ili akiburudisha ukurasa asitume upya. Na ndani ya fomu huwa kuna tokeni iliyofichwa, ya kutumika mara moja: ikija mara ya pili, seva hutambua ni maombi yaleyale na kuonyesha namba ileile ya kumbukumbu. Kwa mantiki hiyohiyo, jambo linalobadilisha kitu halifanywi kuwa kiungo cha kawaida. Mwaka 2005 Google ilitoa programu ya kuharakisha kurasa, iliyokuwa ikifungua viungo kabla mtu hajavigusa. Kwenye tovuti zilizoweka “futa” kama kiungo, kazi za watu zilifutika bila wenyewe kubonyeza. Walioweka kufuta ndani ya fomu inayotumwa kwa POST, njia ya kutuma mabadiliko, hawakuguswa.

Kuna pia tokeni nyingine, ya kuhakikisha kwamba fomu imetoka kwenye tovuti yenyewe na si kwa tapeli aliyemnasa mtu kwingine. Ni kinga ya lazima, lakini huwa na kikomo cha muda, kwa kuwa hufungamana na kikao cha mtumiaji. Kikao cha PHP, kama hakijarekebishwa, huruhusiwa kufutwa baada ya sekunde 1,440 za kimya, yaani dakika 24. Umeme ukikatika kwa nusu saa mwombaji akiwa katikati ya kujieleza, akirudi na kutuma atakutana na mlango. Hapa ndipo amri zile mbili hugongana uso kwa uso: tokeni imekufa, kwa hiyo usiamini; mtu kaandika maelezo marefu, kwa hiyo usipoteze. Fundi hachagui. Haihifadhi fomu, lakini huirudisha ikiwa imejazwa vilevile na tokeni mpya ndani, na kumwomba mtu aihakiki na kubonyeza tena. Usalama umetimia, na maneno yamebaki.

Haya yote hufanyika bila mapambo. Ukurasa wa fundi ni mwepesi, hufunguka kwenye simu ya bei ndogo, na hauhitaji JavaScript hata mstari mmoja ili ufanye kazi. Mapambo huongezwa juu, na yakishindwa kupakuka, fomu inaendelea kutumika. Ndiyo maana mambo haya yanafaa zaidi pale ambapo bando ni ghali na mtandao hauaminiki. Mtu wa mjini mwenye simu kali atavumilia fomu mbovu. Anayelipia kila megabaiti, na aliyepanda mlima kutafuta mtandao, hana nafasi hiyo.

Nina neno kwa wanaoagiza kazi hizi: wakuu wa vyuo, wenye hospitali, maofisa wa halmashauri, wenye maduka. Fundi akikuletea fomu, usiijaze vizuri. Ijaze vibaya kwa makusudi. Andika Ng'ang'a kwenye jina, acha namba ya simu pungufu tarakimu moja, pakia picha kubwa, bonyeza kitufe mara tatu, kisha iache nusu saa na uitume. Ukirudishiwa kila ulichoandika, na maelezo yakakufikisha kwenye kosa bila kukugombeza, mlipe mtu huyo kwa wakati na umpe kazi nyingine.